Tulilala gesti, shangazi akasikia sokoni

SWALI

Dada, shikamoo. Nina jambo la siku mbili tu, Ijumaa usiku hadi Jumapili jioni, lakini hii ni wiki ya sita silali vizuri kwa sababu yake.

Nina miaka 35, nimeolewa, nina watoto wawili: wa kike miaka 11, wa kiume 7. Tunaishi Dar es Salaam. Nilizaliwa na kukulia Dodoma, ingawa si kwetu kwa asili. Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kazi ya reli ndiyo iliyomleta Dodoma. Alikuwa fundi wa njia, wale wanaotembea juu ya mataruma wakikagua reli na kukaza nati. Tulikaa kota, vyumba viwili na ua, mwarobaini mlangoni. Mama alifariki mwaka 2000, tukamzika palepale Dodoma. Shangazi yangu, mdogo wake baba, alikuwa ameolewa na Mgogo huko Kikuyu. Alfajiri alikuwa anapika uji kwake, anautia kwenye ndoo ya mfuniko, anakuja nao kwa miguu hadi kota, anatunywesha, anatuvalisha, anatusindikiza shule mimi na kaka zangu. Miaka mitatu hivyo. Mwaka 2003 baba akahamishiwa Dar, tukaondoka.

Toka hapo sikuwahi kurudi. Baba alipofariki mwaka 2014 tulimsafirisha kwenda Tabora, tukapita Dodoma saa nane za usiku tukiwa na jeneza, sikuona kitu zaidi ya taa. Shangazi nilionana naye kwenye msiba huo. Baada ya hapo ikawa simu za sikukuu, na miaka mingine hata hizo hazikuwepo.

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma, nimekuwa nikimwambia mume wangu twende wikiendi moja watoto waone nilikokulia. Mwezi Machi akakubali. Nikapanga kila kitu mwenyewe: gesti, gari la kukodi, orodha ya sehemu tisa za kwenda Jumamosi. Shangazi sikumwambia. Nitakuwa mkweli kwako. Nyumba yake ni ndogo, mume wangu alisema wazi halali ukweni, na niliogopa kwamba nikimwambia, siku zote mbili zitaishia kwenye kochi lake tukisubiri chakula. Nilipanga Jumapili mchana tumshtukize kwa saa moja, kisha twende stesheni.

Kwenye treni, giza lilikuwa limeshaingia. Nilikuwa nafuatilia ramani kwenye simu. Tulipopita Igandu nikanyamaza. Mume wangu akaniuliza nina nini, nikasema kichwa. Baba alikuwa mmoja wa waliopelekwa kule Juni 2002. Hiyo ni habari nyingine.

Jumamosi asubuhi tulianza na kota. Haipo. Kuna uzio wa mabati na ndani wanajenga. Upande mmoja bati lilikuwa limefunuka, nikaona kipande cha sakafu ya jikoni kwetu, ile nyekundu tuliyokuwa tunaisugua kwa magoti kila Jumamosi mpaka inang'aa. Kimebaki kama ukubwa wa mkeka wa mtoto, majani yametokea kwenye ufa. Nikamwingiza mwanangu, akasimama juu yake, akanitazama, akasema: "Mama, ndiyo hapa?" Nikalia mbele ya mafundi. Mume wangu akanishika mkono akanirudisha garini.

Mengine nitayapitisha haraka. Shule ilikuwa imefungwa geti. Nyerere Square watoto walitaka soda. Mtumba waliona majengo ya wizara kupitia kioo cha gari, mdogo akalala. Makaburini tulizunguka zaidi ya saa nzima kwenye jua, majani kiunoni, msalaba wa mti wa mama haupo, sikujua hata niinamie wapi. Nikamwambia mume wangu twende tu.

Soko la Majengo ndipo watoto walipochangamka, kwa sababu ya zabibu. Hapo mama mmoja mzee akanisimamisha, akanisalimu, "Mbukwa," mdomo wangu ukaitikia kabla sijafikiri. Akaniangalia, akasema, "Wewe si binti wa yule wa reli? Umefanana na mama yako." Nilifurahi, dada, nusura nimkumbatie. Sikujua kwamba anakaa jirani na shangazi.

Jumapili saa moja asubuhi simu ikaita. Shangazi hakufoka. Alisema hivi: "Mwanangu, nasikia uko mjini tangu juzi. Mgeni wa serikali analala hoteli. Mtoto wa nyumba hii analala wapi?" Nikaanza kueleza habari za mume na nafasi. Akanikatiza: "Na kaburi la mama yako, unajua nani analifyeka kila mwaka mvua zikikatika?" Akakata simu. Sikuwa na uso wa kwenda kwake. Tukakaa gesti hadi saa ya treni.

Tangu siku hiyo nikipiga hapokei. Nimemtumia shilingi 100,000 kwa simu, zimepokelewa, hajasema neno. Mume wangu anasema Dodoma basi. "Nauli peke yake 186,000, kwenda kuangalia uzio. Kwenu ni Tabora, Dodoma unatafuta nini?" Mimi sina jibu la kumpa. Ninachojua ni kwamba nataka kurudi, na naogopa kurudi. Nifanyeje?

Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya pili nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, ugali ukaungua. Mimi naishi hapahapa Dodoma, kwa hiyo nimekufuata hatua kwa hatua, kuanzia stesheni hadi Majengo.

Nianze na shangazi, kwa sababu hayo mengine yote yanapitia mlangoni kwake.

Unadhani amekasirika kwa sababu hamkulala kwake. Mimi sidhani hivyo. Mwanamke aliyeolewa katika ardhi hii anajua vizuri kabisa kwamba mkwe halali nyumba ya vyumba viwili pamoja na mama mkwe. Hilo hata yeye lingemtesa. Angelala macho akisikiliza kama mkwewe anakohoa. Angekubali mlale gesti. Tena huenda angewatafutia yeye mwenyewe iliyo karibu. Kilichomuuma ni kwamba hamkubisha hodi. Kwetu mtu anafika kwanza nyumbani, anaweka mizigo chini, anapewa maji, anakula hata kama ameshiba, watoto wanaonyeshwa, kisha baba wa watoto anasema, "Mama, tunaomba ruhusa tukapumzike, kesho asubuhi tuko hapa." Saa moja na nusu tu, Ijumaa usiku. Baada ya hapo mji wote ungekuwa wenu Jumamosi nzima, tena mngepewa na mtu wa kuwaongoza. Saa hiyohiyo moja uliyomwekea Jumapili mchana, ungeihamishia Ijumaa, usingeniandikia barua hii.

Ndiyo maana ile 100,000 haikujibu kitu. Umetuma pesa kabla ya neno, naye amezisoma kama malipo ya uji wa miaka mitatu. Usitume nyingine. Na usiendelee kumpigia simu, maana kila anapoiacha iite, inazidi kuwa ngumu kwake kuipokea siku ya pili. Mtafute mtu wa kwenda. Huyo mama wa sokoni uliyetaka kumkumbatia ndiye wa kwanza ninayemfikiria. Yeye ndiye aliyepeleka habari, na watu wazima wa hapa wakipeleka habari ya namna hiyo hupenda kupewa nafasi ya kupeleka na ile ya kupatanisha. Kama huna namba yake, kaka yako mkubwa apige. Ujumbe uwe mfupi: "Mtoto amekosa, anataka kuja kuomba msamaha, anaomba siku." Mume, nafasi, gesti, watoto, ratiba, vyote hivyo visiwemo. Ulipoanza kueleza ndipo alipokukatiza, kumbuka.

Akishataja siku, nenda. Na usichelewe, kwa sababu hii.

Shangazi alikuambia analifyeka kaburi kila mwaka mvua zikikatika. Mlikuja Machi, mvua bado hazijakatika, ndiyo maana majani yalikuwa kiunoni. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza karibu na Desemba na inakwisha Aprili. Naandika haya mwishoni mwa Aprili. Jana upepo ulibadilika, ule mkavu unaoleta vumbi umeanza, na majani ya kando ya barabara yameanza kuwa manjano. Maana yake ni kwamba ndani ya wiki mbili tatu, mama mtu mzima atachukua panga lake na kwenda makaburini, kama alivyofanya mwaka jana na mwaka juzi. Mwaka huu asiende peke yake. Mwambie mjumbe aseme na hilo: "Anaomba msifyeke mpaka afike." Nakuhakikishia sentensi hiyo itamfikia zaidi ya samahani kumi.

Safari hiyo nenda na binti yako tu. Mumeo na mdogo wabaki. Mtu mzima mmoja na mtoto mmoja, daraja la kawaida ni 31,000 na nusu yake, kwenda na kurudi 93,000, ni nusu kamili ya hesabu aliyokupigia mumeo, na hapo hakuna gesti wala gari la kukodi. Mtalala kwa shangazi, wewe na binti kitanda kimoja au mkeka mmoja. Beba sweta, usiku wa Mei hapa si wa Dar. Beba doti ya kitenge, sukari na majani ya chai, na uvikabidhi kwa mikono yako bila kuvitaja. Ukifika piga magoti. Najua siku hizi mjini tumeacha, lakini wewe piga, binti yako akuone.

Sasa nije kwenye ile sentensi yako uliyoipitisha mbiombio. Umeandika kurasa mbili za kota na sakafu, halafu Igandu ukaipa mstari mmoja na kusema ni habari nyingine. Mdogo wangu, mimi naona ndiyo habari yenyewe.

Tarehe 24 Juni 2002 mimi nilikuwa hapa. Kule Igandu treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko, ikaligonga treni la mizigo, watu 281 wakafa. Mji huu ulikuwa mdogo wakati ule, kila nyumba ilimjua mtu aliyekwenda kusaidia. Nakumbuka jirani yetu alivyorudi jioni ya siku ya tatu, akakaa nje kwenye kigoda, mkewe akamletea maji ya kunawa, akayatazama tu yale maji. Hakunawa. Baadhi ya marehemu ambao hawakutambuliwa walizikwa Maili Mbili, na mpaka leo nikipita huko napunguza sauti.

Baba yako alikuwa fundi wa njia. Aliitembea reli ile kwa miguu, taruma kwa taruma, kisha akapelekwa kule. Mwaka mmoja baadaye mkahama. Wewe ulikuwa na miaka 12, mama ameshaondoka, baba amerudi nyumbani amenyamaza, na mtu pekee aliyekuwa anazungumza nanyi ni shangazi. Sijui kama baba aliomba uhamisho au alipangiwa. Shangazi anajua. Muulize.

Na sasa mtazame mumeo pale kwenye treni, saa mbili usiku, ameketi pembeni ya mke aliyenyamaza ghafla anayemwambia kichwa kinauma. Kesho yake mke huyohuyo analia mbele ya mafundi ujenzi kwa ajili ya kipande cha sakafu. Anaona fedha zimekwenda, watoto wamechoka, mke analia, na hajui anacholilia. Akisema "Dodoma unatafuta nini," usimsikie kama mtu anayekudharau. Ni swali kweli, na hajawahi kujibiwa. Miaka yote hii ya ndoa hujamwambia. Mwambie. Sio kwa kumbembeleza akubali safari nyingine, hapana. Mwambie usiku mmoja watoto wamelala, tangu baba anavua viatu mlangoni hadi siku mnapakia vitu kwenda Dar. Akimaliza kusikiliza hutahitaji kumshawishi lolote kuhusu nauli.

Kuhusu "kwenu ni Tabora," ana haki kwa upande mmoja. Baba kalala Tabora, na watoto wako ni lazima wapajue. Lakini mama yako kalala Dodoma. Aliyekulisha baada yake yuko Dodoma. Na ulipoitwa sokoni kwa salamu ya Kigogo, ulimi wako uliitika wenyewe. Mtu anaweza kuwa na kwao kuwili, na watoto wa reli mko wengi wa namna hiyo, kuanzia Morogoro mpaka Kigoma.

Nikuambie na kuhusu mji, maana nahisi unaulaumu kidogo moyoni. Ulipoondoka, Dodoma ilikuwa makao makuu kwa uamuzi wa mwaka 1973, ila maisha yake yalikuwa ya mji wa kawaida wa reli. Serikali ilianza kuhamia kweli mwaka 2016. Mwaka 2018 tukawa jiji. Sisi tuliobaki hapa nasi tumepotezwa. Nilipelekwa Nzuguni mara ya kwanza stendi ilipohamia huko, nikauliza njia kama mgeni, mimi niliyezaliwa hapa. Kwa hiyo usidhani tuliobaki tunacho kile ulichokuja kukitafuta. Tulichobaki nacho ni watu wachache wanaokumbuka nani alikaa wapi. Wewe ulikuwa na sehemu tisa kwenye orodha na hao hawakuwemo hata mmoja.

Watoto hawakukosea kuchoka. Mtoto wa miaka 7 ukimwonyesha mahali ambapo kitu hakipo, anaona mahali ambapo kitu hakipo. Mtoto huyohuyo akikaa miguuni kwa bibi yake akaambiwa, "Mama yako alikuwa anaficha uji chini ya kitanda akisingizia ameumaliza," ataidai hadithi hiyo irudiwe mpaka mchoke. Sijui kama uliwahi kuficha uji, lakini shangazi ana kitu cha namna hiyo, wote wanacho.

Familia nzima warudi Agosti au Septemba. Zabibu huvunwa mara mbili hapa, na mavuno ya pili ni miezi hiyo. Mwombe shangazi awaunganishe na mtu mwenye shamba upande wa Hombolo au Mpunguzi, watoto wakate wenyewe na mkasi, mumeo abebe ndoo. Mtafika kwa shangazi Ijumaa, mtakula atakachowapikia, na kama ni ugali wa mtama na mlenda, waambie watoto mapema, mlenda unavutika na mtoto wa Dar anaweza kukunja uso. Kisha mumeo ataomba ruhusa mwenyewe kwa mdomo wake mwende gesti. Hilo ni jukumu lake, usimsemee.

Kota msirudi. Kama moyo unakuvuta, nenda peke yako asubuhi moja, na ukikuta mafundi wapo, waombe wakumegee kipande kidogo cha ile sakafu. Hawatakunyima, vifusi wanatupa kila siku.

Ila hiyo ni Agosti. Sasa hivi kuna kaburi. Mkishafyeka, wewe, shangazi na binti yako, chukueni vipimo, ili pawekwe alama ya zege badala ya msalaba wa mti, mchwa wa huku hawaachi mti. Fundi atakuuliza jina kamili la marehemu na tarehe ya kuzaliwa. Usimpe ulizonazo wewe. Mwambie asubiri, kamuulize shangazi.